Sura ya Sita: Nasaba ya Jawabu

Watu wawili wanaozungumza uso kwa uso hawahitaji alama ya kuwajulisha kwamba jawabu lililosikika ni la swali lililotangulia, kwa kuwa la kwanza likiisha kutamkwa la pili hulifuata papo hapo, wala hakuna jingine linaloweza kulipita njiani. Lakini pindi maswali yanapokuwa mengi, yakapelekwa mbali, yote kwa mara moja, kwa wajibuji ambao kila mmoja hurudisha neno kwa kadiri ya wepesi au uzito wa kazi aliyopewa, ufuatano huo hukatika. Na mwenye kuuliza hujikuta amezungukwa na majawabu ambayo kila moja ni sahihi kwa nafsi yake, na ambayo hata hivyo yaweza kumpotosha yote pamoja asipojua lipi ni la lipi. Sura hii inahusu namna programu za kompyuta zinavyoyatambua majawabu yanayopakuliwa kutoka mtandaoni bila ya kungojana, nayo ina dai moja tu: kwamba nasaba ya jawabu hufungwa wakati swali linapoondoka, wala haiwezi kubuniwa kwa usalama baada ya jawabu kuwasili.

Mfano wetu tuuweke Amalemba, mtaa wa makazi katika mji wa Kakamega. Mji huu una Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Masinde Muliro, kilichopata hadhi ya chuo kikuu kamili mwaka 2007, na kwa sababu hiyo hauna uhaba wa vijana wanaojifunza kuandika programu usiku katika vyumba vya kupanga. Tumdhanie mmoja miongoni mwao, aliyekusudia kuwatengenezea wakulima ukurasa wa utabiri wa mvua kwa kila jimbo la uchaguzi katika kaunti yake. Majimbo hayo ni 12: Lugari, Likuyani, Malava, Lurambi ulimo mji wenyewe, Navakholo, Mumias Magharibi, Mumias Mashariki, Matungu, Butere, Khwisero, Shinyalu lenye msitu, na Ikolomani lenye sifa ya dhahabu. Mwenye miwa Matungu hana haja na mvua ya msituni Shinyalu, na mwenye mahindi Likuyani akiambiwa habari ya Khwisero kwa jina la Likuyani atakuwa amedhulumiwa zaidi kuliko kama asingeambiwa lolote, maana asiyeambiwa huangalia mawingu mwenyewe, na aliyeambiwa huacha kuangalia.

Njia iliyo salama kuliko zote ni ya kuuliza moja, kungoja, kupokea, kuandika, kisha kuuliza la pili. Humo hamna utata, kwa sababu wakati wowote lipo swali moja tu lililo njiani, na lolote litakalorudi ni lake. Kasoro yake ni ushuru inaoutoza katika wakati. Ombi linalotoka Amalemba kwenda kwenye seva iliyo Ulaya hushuka hadi pwani na kuingia katika nyaya za chini ya bahari, ambazo kati yake SEACOM na TEAMS zilifika Mombasa mwaka 2009 na EASSy ikafuata mwaka 2010. Na ijapokuwa mwanga hukimbia ndani ya kioo cha nyaya hizo takriban kilomita 200,000 kwa sekunde, safari ya kwenda na kurudi, pamoja na vituo vyote vya njiani na muda wa seva kufikiri, hukusanya ucheleweshaji unaohisika. Tena nyaya zenyewe hazina amani ya daima: tarehe 12 Mei 2024 EASSy na SEACOM zilikatika katika bahari ya Afrika Kusini, na watumiaji wa Afrika Mashariki wakaziona kurasa zikijikokota. Tukikadiria kwamba kila ombi lachukua sekunde 2, maombi 12 yanayongojana yatachukua sekunde 24. Yakiachiwa yote kwa pamoja, muda wote utakaribia ule wa ombi moja lililo zito kuliko mengine. Tofauti hiyo ni kubwa kiasi cha kutosha kumfanya mtu mwenye akili timamu aiache njia ya salama.

Basi kijana wetu anayaachia maombi yote 12 kwa pamoja, na hapo ndipo taabu inapozaliwa. Kosa la kwanza linalomnyemelea ni kuushika mfuatano wa kuwasili kuwa ndio mfuatano wa kuuliza. Ana orodha ya majina 12, na ana orodha tupu ambamo kila jawabu linaloingia huongezwa mwishoni. Mwisho wa yote huziweka orodha mbili sambamba, la kwanza kwa la kwanza, la pili kwa la pili. Hadaa ya kosa hili ni kwamba mara nyingi hufaulu. Mtandao ukiwa mtulivu na majawabu yakiwa ya ukubwa mmoja, hurudi kwa utaratibu ule ule yalioondokea, na mwandishi akijaribu programu yake usiku, watu wachache wakiwa mtandaoni, atashuhudia usahihi mtupu. Siku jawabu la Malava litakapochelewa nusu sekunde, la Lurambi litaketi mahali pake, la Navakholo litaketi mahali pa Lurambi, na hivyo hivyo kila jimbo linalofuata litavikwa mvua ya jirani. Hakuna kengele itakayolia, kwa sababu programu haikuvunjika, wala hakuna namba iliyo ya uongo. Uongo umo katika ndoa iliyofungwa baina ya namba na jina.

Fundi cherehani yeyote wa mtaani angemshangaa mtu wa kosa hili. Asubuhi hupokea sare ya shule, kisha kitenge cha harusi, kisha suruali ya kupunguzwa upindo. Na jioni suruali iliyokuja mwisho imekwisha kwanza, kwa kuwa kazi yake ilikuwa ndogo. Hawagawii wateja nguo kwa kufuata nani alitangulia, kwa maana kila kitambaa kilibanwa kikaratasi chenye jina na vipimo pale pale kilipopokewa, mwenyewe akiwa bado amesimama mlangoni. Hekima yake imo katika kuchagua wakati: kikaratasi hubanwa kabla ya kazi kuanza, wakati ambapo hakuna shaka juu ya mwenye kitambaa, na kwa hiyo hakuna haja ya kukumbuka wala kukisia baadaye.

Kosa la pili ni la siri zaidi, nalo liliwasumbua waandishi wa JavaScript kwa miaka mingi. Kijana, akiisha kuonywa juu ya mfuatano, huandika kitanzi kinachoyapitia majina 12. Katika kila mzunguko jina hutiwa katika nafasi moja ya kumbukumbu, ombi huachiliwa, na programu huagizwa kwamba jawabu likija liandikwe chini ya jina lililomo katika nafasi ile. Kwa kusoma tu, agizo hili laonekana halina dosari. Lakini kitanzi hukimbia hadi mwisho wake kabla ya jawabu hata moja kuvuka bahari, na majawabu yanapoanza kuwasili, yote 12 huitazama nafasi ile ile, ambamo limebaki jina la mwisho peke yake. Ikolomani hupewa mvua ya kaunti nzima, kila jawabu likilifuta lililotangulia, na majimbo mengine 11 hubaki matupu. Asili ya kosa ni kwamba jina halikuambatanishwa na swali; liliachwa mezani, na meza ikaandikwa upya. Katika JavaScript ya zamani, iliyotangaza nafasi hizo kwa neno var, mwandishi alilazimika kulitengenezea kila jina hifadhi yake lenyewe, kwa kulikabidhi kwa kazi ndogo ya pembeni inayolishika mpaka jawabu lije. Na toleo la mwaka 2015 lilipoleta neno let, lugha yenyewe ikaanza kuupa kila mzunguko nafasi isiyoguswa na mzunguko mwingine.

Kosa la tatu ni la mtu mwerevu. Huyu husema kwamba hana haja ya kubandika jina lolote, kwani jawabu lenyewe litajieleza: lina latitudo na longitudo, naye atazilinganisha na zile alizozipeleka. Hajui kwamba huduma za utabiri huigawa dunia katika miraba, na kila anayeuliza hujibiwa habari za mraba alimoangukia. Huduma ya Open-Meteo, kwa mfano, hueleza wazi kwamba latitudo na longitudo inazozirudisha ni za kitovu cha mraba uliotumika katika kukadiria, na zaweza kuwa mbali kwa kilomita kadhaa na zile zilizoulizwa. Mwenye kulinganisha namba kwa namba hatapata hata moja inayolingana. Mwenye kutafuta iliyo karibu zaidi ataweza kukuta majirani wawili wamerudishiwa kitovu kimoja, asijue lipi ni la nani. Wengine hujaribu kulitambua jawabu kwa anwani iliyolileta, na hao nao hukwama, kwa kuwa seva yaweza kumwelekeza mwulizaji penginepo, na anwani iliyojibu isiwe ile iliyoulizwa. Mfanano ni dalili, nayo dalili haifiki daraja la ushahidi.

Tukiisha kuyajua makosa, dawa zake hazina ugumu wa kutisha. Ya kwanza ni kuiachia lugha yenyewe itunze nafasi. Amri ya Promise.all katika JavaScript, na ndugu yake gather katika maktaba ya asyncio ya Python, hupokea maombi kwa orodha na kuyarudisha majawabu kwa orodha ile ile ya maombi, hata kama la 12 liliwasili kwanza na la kwanza likawasili mwisho. Mwandishi asizichanganye na as_completed ya Python, ambayo kwa makusudi humpa kila jawabu kadiri linavyowasili, ili lishughulikiwe mapema. Huyo aliyechagua wepesi huo sharti ahakikishe kwamba kila kazi inarudisha vitu viwili pamoja, jina na jawabu. Aidha ajue kwamba Promise.all humwangusha kwa ombi moja lililoshindwa, akakosa hata yale 11 yaliyofaulu. Ndiyo sababu mwaka 2020 JavaScript iliongezewa Promise.allSettled, inayongoja yote yafikie mwisho wake na kumweleza hali ya kila moja, lililofaulu na lililoshindwa, kila moja mahali pake. Kushindwa nako ni jawabu, na kuna mwenyewe.

Dawa hiyo yatosha maadamu swali na jawabu vinapita katika mikono ya programu moja inayokumbuka. Zipo hali nyingine ambazo maswali mengi hupita katika njia moja, na majawabu hurudi kwa njia hiyo yakiwa yamechanganyika; hapo sharti kila swali lipewe namba, na mjibuji alazimishwe kuirudisha. Wabunifu wa intaneti waliifikia hekima hii kwa hatua. Itifaki ya HTTP/1.1, iliyotolewa mwaka 1997, ilimruhusu mteja apeleke maombi kadhaa mfululizo bila ya kungoja, lakini ikaiamuru seva ijibu kwa mfuatano ule ule. Matokeo yake, ombi la kwanza likiwa zito, mengine yote mepesi husimama nyuma yake. HTTP/2, iliyotolewa mwaka 2015, iliupa kila mkondo wa swali na jawabu namba yake, mikondo inayofunguliwa na mteja ikichukua namba witiri, na kuanzia hapo vipande vya majawabu mbalimbali viliweza kuchanganyika katika uzi mmoja na kukusanywa tena upande wa pili bila ya kuhitilafiana. Kanuni za JSON-RPC nazo hueleza kwamba maombi yakipelekwa kwa kifurushi, majawabu yaweza kurudi kwa utaratibu wowote, na mteja ayaoanishe kwa kitambulisho kilichomo. Msomaji ataona kwamba katika yote haya uhuru wa kujibu upendavyo umenunuliwa kwa bei ya namba moja ndogo.

Namba hiyo inahitaji daftari. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na kauli hiyo huwatosha waandishi wa programu kama ilivyowatosha wafanyabiashara. Swali haliondoki kabla halijaandikwa: namba yake, mwenyewe, saa lilipoondoka, na muda litakaongojewa. Jawabu likija, hutafutwa daftarini kwa namba yake. Likipatikana, hukabidhiwa mwenyewe na mstari wake hufungwa, ili jawabu la pili lenye namba ile ile, likija kwa bahati mbaya au kwa kurudiwa, likute shauri limekwisha hukumiwa na lisiandikwe tena. Muda ukipita bila ya jawabu, mstari hutiwa alama ya kuchelewa, na mwulizaji huambiwa ukweli. Nalo jawabu lisilo na mstari wowote daftarini halipewi mtu, hata kama yupo anayeonekana kulistahiki.

Lipo jambo la zaidi ambalo daftari pekee haliponyi. Mkulima akibonyeza Butere katika simu yake, kisha kabla ya jawabu kurudi akabonyeza Khwisero, yamkini jawabu la Khwisero likatangulia na la Butere likafuata, likaifunika sehemu ile ile ya kioo. Kila jawabu lilioanishwa barabara na swali lake. Lakini swali la kwanza lilikuwa limekwisha kuachwa na mwenyewe. Kwa hiyo programu njema huuliza mambo mawili: jawabu hili ni la nani, na je, bado analitaka? Swali jipya lilifute la zamani, au jawabu la zamani likifika lipokewe kimya na kuwekwa kando.

Namba ya kuoanishia ina wadhifa mwingine ambao watu waliuzindukia kwa fadhaa. Kila mara kompyuta inapotaka kuijua anwani ya tovuti kwa jina lake, huuliza kwa utaratibu wa DNS uliowekwa mwaka 1987, na swali hilo hubeba kitambulisho cha biti 16, ambacho hakiwezi kuwa na thamani zaidi ya 65,536. Jawabu lenye kitambulisho hicho, likifika kwanza, huaminiwa. Mwaka 2008 Dan Kaminsky, mtaalamu wa usalama wa kompyuta wa Marekani, alidhihirisha kwamba laghai aweza kuichochea seva iulize maswali mengi mfululizo, huku akiimiminia majawabu ya uongo yenye vitambulisho vya kubahatisha, mpaka kimoja kisadifu, na tangu hapo watu wote wanaoitegemea seva hiyo wapelekwe anakotaka yeye. Dawa iliyosambazwa kwa haraka wakati huo ilikuwa kuibahatisha pia milango ambayo maswali hutokea, ili mwenye kukisia alazimike kukisia mambo mawili kwa pamoja. Somo lake kwetu ni kwamba kitambulisho ni zaidi ya kikumbusho. Ni mlinzi pia. Namba inayofuatana moja, mbili, tatu yatosha ndani ya nyumba yako. Ikitoka nje mahali wapo wenye hila, sharti iwe ndefu na isiyokisika.

Yote niliyoyasema hukutana katika jambo ambalo Amalemba, kama Kenya nzima, hulitenda kila siku bila ya kulitafakari, yaani kulipa kwa M-Pesa. Huduma hii Safaricom iliianzisha Machi 2007, na baadaye ikawafungulia waandishi wa programu mlango uitwao Daraja, ili maduka, shule na hospitali ziweze kuomba na kupokea malipo kwa programu zao wenyewe. Mteja anataja namba yake ya simu. Programu ya duka hupeleka ombi. Na dirisha dogo hujitokeza kwenye simu ya mteja likimtaka atie namba yake ya siri. Daraja huijibu programu mara moja, lakini jawabu hilo la kwanza ni ilani ya kupokewa tu: lasema kwamba ombi limekubaliwa kushughulikiwa, na limebeba vitambulisho viwili, MerchantRequestID na CheckoutRequestID. Mwandishi mwenye haraka, akiiona ile sifuri ya kufaulu iliyomo humo na kuagiza bidhaa itolewe, ameitoa kwa mtu ambaye huenda hata simu yake hajaitazama.

Hukumu yenyewe huja baadaye, tena kwa mlango mwingine. Mteja akiisha kutia namba ya siri, au kukataa, au kuuacha muda upite, mitambo ya Safaricom huiita anwani ambayo duka liliitaja na kuiachia waraka wenye namba ya matokeo: 0 ikiwa malipo yamefaulu, 1 ikiwa salio halitoshi, 1032 ikiwa mteja ameghairi, 1037 ikiwa simu haikuweza kufikiwa au mwenyewe hakujibu. Baina ya ilani na hukumu yaweza kupita sekunde chache au dakika nzima, na katika dakika hiyo duka lenye wateja wengi limekwisha kupeleka maombi mengine kadhaa. Ndipo usikiapo mwenye duka akimwambia mteja, “Mama, ngoja kidogo, pesa haijaingia,” naye akijibu, “Nimeshalipa, mwanangu, ujumbe huu hapa,” na wote wawili wakawa wakweli.

Msomaji atazame sasa kilichomo na kisichomo katika waraka huo wa hukumu. Malipo yakifaulu, mna kiasi, namba ya risiti, wakati na namba ya simu ya aliyelipa. Ile rejeo ya akaunti ambayo duka liliiandika katika ombi, kwa mfano namba ya oda, hairudi. Malipo yasipofaulu, hata kiasi na namba ya simu havimo. Vinabaki vile vitambulisho viwili pamoja na namba na maelezo ya matokeo. Kwa hiyo mtu aliyejenga programu yake juu ya mfanano, akisema kwamba shilingi 350 kutoka simu hii bila shaka ni za oda ile, hujikuta taabuni mara mbili: kwanza siku mteja mmoja atakaponunua vitu viwili vya bei moja kwa mfululizo, na pili kila mara malipo yatakaposhindikana, kwa kuwa hatakuwa na chochote cha kufananisha, na oda itaning'inia bila ya kufungwa. Aliyeiandika CheckoutRequestID daftarini kando ya namba ya oda, mara tu ilipofika na ilani, huipata oda yake kwa kutazama mstari mmoja.

Wapo wanaokwenda mbele zaidi, nao wana insafu. Wao hutunga kitambulisho chao wenyewe, kirefu na kisichokisika, hukiandika daftarini kabla ya ombi kuondoka, na kukiweka ndani ya anwani ambayo wameitaka Safaricom iiite. Wamejikinga hivyo na hali mbili. Hukumu ikiiwahi programu kabla haijamaliza kuiandika CheckoutRequestID, bado itatambulikana kwa anwani iliyoipigia. Na mtu wa hila akijaribu kuleta waraka wa uongo unaodai kwamba oda imelipwa, hataijua anwani ya kuuleta. Na ikiwa hukumu haikuja kabisa, kwa kuwa umeme ulikatika dukani au seva ilikuwa imelala, Daraja ina njia ya kuuliza hali ya ombi kwa kuitaja CheckoutRequestID yake. Njia ambayo, kama msomaji alivyokwisha kutambua, haimfai asiyeihifadhi.

Upande wa Paybill, yaani malipo ya M-Pesa kwa namba ya biashara, mambo hugeuka, kwa maana huko aanzaye ni mlipaji. Mzazi analipa karo kwa kuandika namba ya biashara, kisha namba ya mwanafunzi mahali pa akaunti, na jina la swali, kwa hiyo, limeachwa mikononi mwa binadamu aliyesimama njiani na simu ndogo. Wengine huandika jina la mtoto, wengine huacha tarakimu moja, wengine huandika namba ya kaka aliyekwisha kuhitimu. Baadhi ya wahasibu walizoea kuyatatua haya kwa namba ya simu ya mlipaji, lakini katika taarifa ambazo Daraja hupeleka sasa kwa malipo ya namna hii namba ya simu huja imefichwa, kwa sehemu au yote; na wale waliokuwa wameifanya namba ya watu kuwa ufunguo wa daftari lao wakapoteza ufunguo. Iliyo bora ni kuyazuia makosa mlangoni: Daraja humruhusu mpokeaji, akiomba kuwezeshwa, aulizwe kabla ya malipo kukamilika kama anaitambua akaunti iliyoandikwa, akubali au akatae. Ni bora mzazi akataliwe pale pale, akiwa bado na fedha yake mkononi, kuliko kupokewa na kisha kutojulikana.

Yatakuwapo pamoja na hayo majawabu yasiyo na mwenyewe: malipo yaliyopita vizuizi vyote, kurasa zilizowasili baada ya daftari kufungwa, nyaraka zenye namba isiyojulikana. Hapo kishawishi cha programu, na cha aliyeiandika, ni kusafisha meza kwa kukisia. Wahasibu tangu zamani wamekuwa na akaunti ya muda, ambamo fedha isiyojulikana hukaa kama amana, ikiwa na tarehe na kiasi chake, mpaka mwenyewe athibitike; na programu yenye adabu hufanya vivyo hivyo kwa kila jawabu lisilo na mstari. Kijana wa Amalemba akikosa mvua ya Malava leo, na aandike katika ukurasa wake kwamba habari za Malava hazijapatikana. Mkulima wa Malava aweza kuishi na pengo hilo mpaka jioni. Mvua ya Lurambi iliyoandikwa kwa jina lake itamfanya apande siku isiyo yake, na programu haitakuwa na njia yoyote ya kumwambia kwamba ilikosea, kwa kuwa yenyewe haijui.